Biro Nyekundu ya Mwalimu Kimaiyo

Mwalimu Jairus Kimaiyo alistaafu mwaka wa 1985, lakini biro yake nyekundu ilikataa kustaafu. Miaka thelathini alikuwa akisahihisha madaftari ya watoto wa watu, na mkono wake haukujua kazi nyingine. Basi akaanza kusahihisha hambaga. Siku hizo hoteli za Kitale zilikuwa zimeingiwa na kiherehere: skonzi inapasuliwa, nyama ya kusaga iliyokaangwa inalazwa ndani, kabeji mbichi juu yake, sosi ya nyanya inamwagwa, na mteja anajiona yuko Nairobi. Kila Jumamosi mchana Kimaiyo alitoka kwake Kibomet amefunga tai, akaingia hoteli moja, akala, akaandika alama kwa arobaini. Karatasi ilibandikwa mlangoni pa kinyozi karibu na soko. Kufikia Jumatatu mji wote ulikuwa umeisoma.

Alama hazikuuma kama maneno ya kando. "Ng'ombe huyu alikufa kwa uzee." "Mpishi arudishwe darasa la kwanza." Watu walicheka wakashika mbavu, naye kichwa kikazidi kuvimba. Kijana mmoja mpishi, Kipkemboi, alipata saba kwa arobaini na wiki iyo hiyo akafukuzwa kazi, akarudi Cheptais kulima viazi. Kimaiyo alipoambiwa alisema viazi navyo vinataka mtu. Niseme wazi: alikuwa na roho mbaya, alijua anayo, na ilimpendeza.

Sasa sikia kichekesho chenyewe. Mwaka mmoja kabla ya kustaafu, homa kali ilimlaza kitandani mwezi mzima. Alipoinuka, ulimi na pua vilikuwa vimekufa. Chumvi na sukari, waridi na samadi, kwake vyote vilikuwa kitu kimoja. Aliyejua siri hiyo ni mkewe Rispah peke yake, na ndiyo sababu kila Jumamosi waliongozana. Rispah alikata kipande cha kwanza, akatafuna, kisha chini ya meza akamkanyaga mumewe mguu: mara moja ni mbaya, mbili ni wastani, tatu ni tamu. Mengine Kimaiyo aliyaokota kwa macho na kuyatia sumu yake. Wanawake wa kanisani walimwonea Rispah wivu. Mume gani huyo anayempeleka mke hotelini, na ati kipande cha kwanza anamwachia yeye?

Hawakuliona daftari lililoning'inia kwenye msumari jikoni kwake. Tangu amwoe kutoka Kimilili mwaka wa 1963, Kimaiyo alimpa Rispah alama kwa chakula cha kila Jumapili na kuzisoma mbele ya wageni. Rispah hakuwahi kuvuka kumi na tisa, na kufaulu ni ishirini. Hata baada ya homa, mtu asiyeweza kutofautisha chumvi na majivu aliendelea kuandika "chumvi haba" na "mchuzi hauna ladha", akasoma kwa sauti. Wageni walicheka kwa adabu. Rispah naye alicheka, maana angefanya nini.

Mwaka wa 1991 Wilkista, mdogo wake Rispah aliyefiwa na mume, aliuza ng'ombe wote wa boma akafungua kihoteli cha meza sita mjini Bungoma. Sifa za karatasi ya mwalimu zilikuwa zimefika huko, akaomba shemeji yake aje amwekee alama. Wateja wangekuja wenyewe baada ya hapo. Rispah alimwendea mumewe akiwa amesimama, kama mwanafunzi.

"Baba Chemutai, sijawahi kukuomba kitu," alisema. "Mpe tu ile yenye atapata. Usiongeze, usipunguze."

Walikwenda. Skonzi Wilkista alikuwa ameioka mwenyewe asubuhi hiyo, nyama ameitia dania na kitunguu, na kabeji ameikatakata nyembamba. Rispah alipotafuna, machozi ya furaha yalimlenga. Akakanyaga mara tatu. Asije akaeleweka vibaya, akakanyaga tena mara tatu. Kimaiyo akainua macho, akaona watu wamejazana mlangoni, na wote wanajua kwamba mwenye hoteli ni shemeji yake. Alihisi wanangoja apendelee ndipo wamcheke. Akaandika sita. Kando yake akaandika: "Nyama inanuka. Undugu haupikwi."

Karatasi moja ilibandikwa Bungoma, nyingine Kitale. Miezi miwili haikuisha, Wilkista akafunga mlango, akarudi Kimilili kuchoma mahindi kando ya barabara. Huko kwa kinyozi Kimaiyo alikisimulia kisa hicho kuonyesha kwamba yeye hana upendeleo. Rispah alimuuliza mara moja tu, kwa nini, na mguu ulikuwa umemwambia.

"Mguu hausahihishi," alijibu. "Mwalimu ni mimi."

Mwaka uliofuata, Madanlal, mwenye hoteli kubwa kuliko zote Kitale, alimwalika mwalimu aje asahihishe mbele ya watu. Stima ilikuwa imepotea tangu Alhamisi, na Jumamosi nyama ikawa imekwisha kuharibika. Mpishi Kipsang, kwa kuogopa kumwambia tajiri wake, aliizika ndani ya pilipili na masala. Sahani ilipowekwa mezani, waliokaa karibu waligeuza nyuso. Rispah alikata kipande chake. Koo lilikataa, akalilazimisha, akashushia na maji. Kisha akamkanyaga mumewe mguu. Moja. Mbili. Tatu.

Kimaiyo aliimaliza yote, akalamba sosi kidoleni. Akasimama, akasoma: thelathini na nane kwa arobaini. Mji mzima, alisema, uje hapa ujifunze nyama ni nini. Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke wa meza ya pili alikuwa ametemea leso, na Madanlal amesimama pale kaunta mkono mdomoni.

Rispah aliinuka. "Baba Chemutai, hiyo nyama imeoza," alisema, na kila mtu akasikia. "Ata nzi wamejua. Ni wewe tu hujui, na hujajua kitu tangu ile homa." Akaeleza habari ya mguu, moja, mbili, tatu. Akaeleza ya Wilkista. Kisha akatoka nje, akatapika, akarudi Kibomet peke yake.

Kimaiyo aliharisha siku nne. Alipopona na kujaribu kwenda mjini, vijana walipiga miguu chini alipopita, mara tatu, mara tatu. Akaacha kutoka.

Rispah hakumwacha. Kila siku saa saba mchana humpakulia, kisha huketi mbele yake na chakula chake mwenyewe, kutoka sufuria nyingine. Daftari liko mezani, biro juu yake. Kimaiyo huinamia sahani, huchungulia, huinusa kwa pua isiyonusa, humuuliza mkewe ametia nini humo. Mwaka wa tatu sasa anauliza.

"Kula, mwalimu," Rispah humwambia. "Halafu uweke alama."

Naye hula, kwa sababu njaa bado anaisikia.