Mto Ulikuwa Mbele

Nilipotangaza kwamba likizo yangu ya mwaka nitaitumia kuendesha gari kando ya mto, kutoka Kisangani hadi karibu na Isangi, wenzangu wa kazini walicheka mpaka mmoja akaweka kalamu chini. Nafanya kazi katika duka la dawa pale Makiso, katikati ya mji wa Kisangani. Kwetu, mtu anayeshuka mto hupanda boti, hulala juu ya magunia, akafika. Barabara ipo, lakini ni ya pikipiki na ya baiskeli zilizobebeshwa mawese.

"Motokari utapeleka wapi?" mwenzangu aliniuliza. "Barabara ya kule iko mayi."

Mayi ni maji, na hakukosea. Lakini nina kichwa kigumu, na ukiniambia jambo haliwezekani nitalifanya hata kama silipendi. Gari langu lilikuwa kuukuu, lakini lilikuwa langu, na nilikuwa nimechoka kuliendesha kati ya nyumbani na dukani tu, kama mtu anayemtembeza mbuzi.

Likizo ilikuwa jina tu, hata hivyo. Safari ilikuwa ya papa, baba yangu.

Papa alikuwa karani wa mizani katika shamba kubwa la mpira, ukingo wa kushoto wa mto, mbele ya Yanonge. Kila siku wagema walimletea ndoo zao, yeye akapima na kuandika. Huko ndiko nilikozaliwa, na huko ndiko mama alikofia akijifungua mtoto ambaye naye hakuishi. Nilikuwa na miaka mitano. Shamba lilipofungwa, papa alitupakia mimi na kaka zangu kwenye pirogi, mtumbwi wa mto, pamoja na vyungu na kuku wawili, akatupandisha Kisangani, na hakurudi tena. Kwanza vilikuwa vita, halafu umaskini, halafu uzee. Sasa ni presha ya macho. Daktari alimwambia waziwazi kwamba mwanga uliobaki hautamaliza mwaka.

Siku ile papa alikaa kitini bila kuvua kofia, kisha akaniambia, "Mama, unipeleke kwa mama yako. Niko na maneno yake." Huniita mama, mimi bintiye, kwa sababu nina jina la mama yake mzazi. Alitaka mambo mawili: kulisakafia kaburi kwa saruji kabla halijamezwa na majani, na kuzungumza na mke wake. Maneno yenyewe hakuyataja. Alisema tu kwamba ameyabeba muda mrefu na hawezi kuyapeleka gizani.

Kwa boti hakuweza tena, miguu ilikuwa imevimba. Basi nikatia mifuko miwili ya saruji nyuma, mwiko, karai, kwanga, mikate ya muhogo, za siku tatu na samaki wa kukauka, tukavuka kwa kivuko hadi Lubunga.

Nitasema kweli: siku ya kwanza nilifurahi. Njia ilikuwa mbaya lakini kavu. Kwenye madaraja ya magogo nilishuka kwanza, nikayapiga teke moja moja, ndipo nikapita. Katika kizuizi kimoja mtu mwenye kofia alitaka karatasi ya kazi. Nilipomwambia niko konje, yaani likizo, alimtazama papa, akatazama saruji, akasema, "Konje na siment? Bon. Pita, madame." Papa alicheka kwa mara ya kwanza tangu tulipotoka.

Kabla ya Yanonge tulisimama kwenye shamba la kahawa lililokufa. Nyumba ya meneja haina paa, ngazi zake za mawe zinapanda vizuri kabisa mpaka hewani. Nyuma kuna bwawa walilokuwa wakiogelea watoto wa wazungu. Wanawake wa pale wamelijaza maji na kuloweka mihogo, na harufu inakufikia kabla hujaliona. Nilimweleza papa. Akauliza kama ule mnazi wa mlangoni bado upo. Nilimwambia upo. Haukuwepo, kilikuwa kisiki, lakini niliona hakuna ubaya. Huo naukumbuka sasa kwa sababu ulikuwa uongo wangu wa kwanza.

Yanonge tulilala kwa ndugu wa papa, wavuvi, tukala lituma, ndizi za kupondwa. Jioni papa akanifundisha kaburi lilipo, akihesabu kwa vidole juu ya goti langu.

"Mustari ya kwanza. Mukono ya kushoto. Ya tatu. Juu yake kuko sahani yake."

Kwetu, marehemu huwekewa kaburini chombo alichokuwa akilia chakula, na chombo hicho hutobolewa ili asipatikane wa kukitamani. Sahani ya mama ilikuwa ya bati lililopakwa rangi nyeupe, ukingo wake wa buluu. Papa aliitoboa mwenyewe kwa msumari. Hata mwizi wa kuku hagusi kitu cha kaburini.

Siku ya pili mvua ilinitoa furaha yote. Baada ya Yanonge njia ikawa tope jekundu. Tulizama mara mbili, mara ya pili nikakata matawi na kuyaweka chini ya magurudumu peke yangu, papa akiwa ndani anauliza kila dakika tumefikia wapi. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kama anataka kujua tulipofika ashuke aone. Kumwambia hivyo mtu anayepofuka. Nikaendelea kukata matawi.

Tulifika alasiri, tope mpaka kwenye nywele, na wingu jingine jeusi limeshakaa juu ya msitu. Miti ya mpira bado imesimama kwenye mistari, mizee, imechanjwa mpaka magome yamekuwa kama ngozi ya mamba. Makaburi ya wafanyakazi yako kati ya barabara na mto, na njia moja inapita katikati kutoka huku mpaka bandarini. Nilisimamisha gari ukingoni mwa barabara. Nilimshika papa mkono, nikamwingiza.

Alisimama.

"Mto iko mugongo?" aliuliza.

Niliona anachelewesha. Nilikuwa na saruji ya kukoroga, mvua ya kuiwahi, na mgongo uliokuwa ukiniuma tangu asubuhi. Mimi nimekulia Makiso, kwangu kushoto ni kushoto. Sikujua, au sikutaka kujua, kwamba mtu wa mto huhesabu kila kitu kama anavyokiona akitoka kwenye pirogi kupanda nchi kavu: anaupa mto mgongo, ndipo mkono wa kushoto unakuwa wa kushoto. Mto ulikuwa mbele yetu, chini, nyuma ya majani.

"Ndiyo, papa," nikasema. "Iko mugongo."

Nikahesabu. Mstari wa kwanza, kushoto, la tatu. Palikuwa na kilima kidogo cha udongo, msalaba umeoza umebaki kijiti. Nilimsaidia kupiga magoti. Alipapasa juu ya udongo kwa viganja vyote viwili, polepole, kama anayetafuta sindano kwenye mkeka.

"Sahani iko wapi?"

"Watu baliiba, papa. Miaka ni mingi."

Aliendelea kupapasa kidogo. Kisha akaacha, akafuta mikono kwenye suruali, akaniambia nifanye kazi yangu.

Nilifanya kazi nzuri, kwa hilo sioni haya. Nilifyeka, nikapanga mawe pembeni, nikakoroga, nikamimina, nikalainisha kwa mwiko. Nilitumia mifuko yote miwili. Nilipomaliza, papa alikaa pembeni kwenye karai lililogeuzwa. Saruji ilipoanza kukamata alinishika kifundo cha mkono, nami nikakaa. Akaanza kusema na mke wake.

"Mama ya batoto, siku ile pirogi ilikuwa tayari. Motere ilikuwa inawaka. Mimi ndiye nilisema bangoje. Nilisema nimalize kwanza kupima mupira, meneja asikasirike. Ulikuwa unaniangalia—"

Tone la kwanza la mvua likaniangukia shingoni. Nilifikiria saruji. Niliinuka, nikakimbia garini kuchukua turubai, nikalitafuta chini ya viti, nikalikuta limefungwa kwa kamba yenye fundo, nikalifungua fundo kwa meno. Niliporudi papa alikuwa amemaliza. Uso wake ulikuwa umelowa, na si kwa mvua tu. Nilitandika turubai juu ya saruji, nikaweka mawe kwenye pembe.

Kwa hiyo nilijua nusu. Maisha yangu yote niliambiwa mama alifia uzazini, basi. Sasa nilijua kulikuwa na pirogi ya kumpeleka kwa daktari, injini ikiwaka, na papa mbele ya mizani yake. Yaliyofuata aliyasema nikiwa natafuna kamba.

Tulilala kwenye veranda ya ofisi ya zamani. Papa alilala usingizi ambao sijamwona nao tangu utotoni mwangu, mdomo wazi, mikono imetulia tumboni. Asubuhi aliamka anaomba chai. Alisema amepata nafasi kifuani. Nilimpa chai, nikateremka mtoni kuosha matope. Nilishuka kwa njia ya zamani ya mizani. Kurudi, nikaona bora nipite katikati ya makaburi.

Nilikuwa napanda, miguu imelowa, mto uko mgongoni mwangu. Mstari wa kwanza. Sikuwa nahesabu, kweli. Jicho lilivutwa na kitu cha buluu kushoto.

Sahani ilikuwa imezama nusu udongoni, kutu imeila, lakini ukingo ulikuwa wa buluu bado, na katikati tundu la msumari. Kaburi la tatu. Mwisho wa upande ule mwingine, karibu na barabara, turubai langu lilikuwa likipepea juu ya mtu nisiyemjua.

Nilikaa chini. Nililia kwa hasira kwanza, hasira juu ya barabara, mvua, macho ya papa, hata juu ya mama. Halafu nilijaribu kufanya lililokuwa lazima: kumfikishia mama maneno yake. Nilisema, "Mama, papa anasema pirogi ilikuwa tayari. Anasema yeye ndiye aliyesema wangoje." Nikafika pale papa aliposema mama alikuwa akimwangalia, na hapo nikakwama. Sikuwa na zaidi. Sikujua kama aliomba msamaha, wala kwa maneno gani. Kutunga uongo mbele ya kaburi la mama yangu sikuthubutu, na uongo wa kutosha nilikuwa nimeshausema. Saruji haikubaki hata kiganja. Niling'oa majani kuzunguka sahani, nikaondoka.

Njia nzima ya kurudi papa alizungumza. Kwenye kivuko, tukiona minara ya kanisa kuu upande wa pili, alinigusa bega.

"Siku yangu ikifika, mutanilaza pembeni ya ile siment. Mukono ya kuume. Uambie wakubwa wako."

Niliitikia. Aliwaambia kaka zangu yeye mwenyewe, kwa simu, mmoja baada ya mwingine. Aliwaambia majirani. Kila aliyekuja kumsalimu alisikia habari za kaburi lililosakafiwa vizuri na binti yake, kwa mikono yake. Nilikuwa naleta vikombe vya chai, nasikia sifa zangu.

Nilikaa na jambo hilo miezi minne. Halafu miguu yake ilivimba mpaka magotini, kaka mkubwa akaanza kuulizia bei ya boti ya kubeba jeneza, nami nikaona kabisa tutakavyomlaza papa kando ya mgeni mpaka mwisho wa dunia. Jumapili moja baada ya misa nilikaa karibu na kitanda chake, nikamwambia. Nilimwambia yote, sahani, mto, hata ule mnazi.

Macho yake yalikuwa yamezimika tayari. Aliyaelekeza darini.

"Nilisikia mayi," akasema. "Ilikuwa inalia mbele. Nilikuuliza, ukasema mugongo. Na sahani, nani anaiba sahani ya maiti? Alors nilisema mu roho: mutoto iko na macho, mimi niko na masikio tu."

Nilimwambia tutarudi, kwa boti, nitambeba mgongoni ikibidi. Nilimwambia basi aniambie maneno yenyewe, nitayapeleka kama yalivyo, bila kuongeza wala kupunguza.

"Ile maneno nilishasema," akajibu. "Mara mbili siwezi."

Kisha akasema tumzike hapa hapa Kisangani, asisumbue mtu. Aliomba maji, akanywa, akanirudishia kikombe kwa adabu, merci, mama.

Hajanigombeza hata siku moja. Anakula ninachopika. Jioni namshika mkono kumpeleka uani, na ananiuliza kama kawaida mlango uko wapi. Namwambia: mbele, papa, hatua mbili. Anasimama, ananyoosha fimbo, anaupapasa mlango kwa ncha yake mpaka auguse, ndipo anapiga hatua.