Pini za Salha

Watu wa ofisini kwetu Mtumba wakisikia nina rafiki mwenye ugonjwa wa wasiwasi, ule wa kurudiarudia jambo, hukimbilia kusema, "Hata mimi niko hivyo, napenda usafi mno." Huwa nawaangalia tu. Salha si mtu wa usafi. Vikombe vyake vya chai vya Jumatatu utavikuta Alhamisi chini ya cherehani, na nzi ndani. Shida ya Salha ni pini.

Ni fundi wa nguo pale Majengo, na Dodoma nzima sijaona mwenye mkono kama wake. Nasema hivyo nikiwa nimeshonewa na mafundi wanane na nimegombana na saba. Akimaliza gauni anahesabu pini zake zote ishirini na nne kwenye kopo la mafuta ya nywele. Zinatimia. Anahesabu tena. Zinatimia. Halafu kichwa kinamwambia: je, kama ulianza na ishirini na tano? Basi anachukua sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu, anaipitisha kwenye gauni pindo kwa pindo, na akifika mwisho hana tena uhakika kama mwanzo aliipitisha vizuri. Mteja yuko kwenye benchi tangu asubuhi. Mwaka jana alimfuata mke wa mchungaji hadi kanisani, yeye na hijabu yake, akamwomba katikati ya matangazo ageuke amkague mgongoni. Alijua ni kichekesho. Aliponisimulia alicheka huku machozi yakimtoka. "Devota, najua hakuna pini," akasema. "Lakini kujua kwenyewe hakunisaidii."

Sasa mimi ni karani wa masijala. Maisha yangu ni mafaili, na nilikuwa naamini hakuna tatizo linaloishinda karatasi. Nikachongesha muhuri mjini, si wa Serikali, tuelewane, umeandikwa IMEKAGULIWA. Gauni likiisha napita jioni, nakagua, nagonga muhuri kwenye kadi, naweka sahihi. Wiki ya kwanza Salha alinenepa. Nikatembea kifua mbele. Wiki ya pili akanipigia simu niko kikaoni: "Samahani shoga, ulipogonga ule muhuri ulikuwa umevaa miwani?" Wiki ya tatu akataka na sahihi ya Hilda, jirani yake anayesuka nywele, kisha akataka nithibitishe kwa maandishi kwamba Hilda kweli alikagua. Mwezi ulipoisha, gauni moja la ubatizo lilikuwa na mihuri mitano na sahihi tatu, na mtoto alikwisha kubatizwa akiwa na gauni la kuazima.

Hapo ndipo nilipompeleka kwa daktari wa afya ya akili. Nilikwenda na zile kadi zote kwenye bahasha, nikitegemea pongezi. Daktari mwenyewe alikuwa binti mdogo ambaye angepaswa kuniamkia, na kweli aliniamkia. Akazipitia kadi moja moja, kwa adabu, kisha akasema, "Dada, umeufungulia ugonjwa masijala."

Niliudhika, siwafichi. Lakini alieleza vizuri. Wasiwasi wa Salha haushibi majibu. Ukimwambia hakuna pini atapumua dakika tano, halafu unarudi na swali kubwa zaidi, kama mbuzi uliyemrushia ganda la ndizi mara moja. Kesho yuko mlangoni. Salha angefundishwa kidogo kidogo kuitoa nguo bila kurudia kuikagua, na kuivumilia ile hofu mpaka ishuke yenyewe. Na sisi marafiki, akituuliza, tujibu "sijui", kisha tusiondoke, tukae naye.

Jamani, sijui. Mtumishi wa umma hasemi sijui. Sisi husema suala lako linashughulikiwa. Siku ya kwanza nilijaribu hilo hilo, na Salha akaniambia nisimfanye mwananchi.

Tukaenda hivyo miezi minne. Mashati ya shule akawa anayakagua mara moja tu, anayafunga, basi. Sketi zikafuata. Wateja wakaanza kurudi, kwa sababu ukweli ni kwamba walikuwa wameshaanza kumkimbia. Halafu likaja gauni langu la sendofu, sherehe ya kuniaga nyumbani kabla ya harusi, likamrudisha nyuma, kwa kuwa lilikuwa langu.

Lilikwisha Jumanne. Jumamosi saa nane mchana nilimkuta amelikumbatia, pindo amelifumua na kulishona upya mara mbili. Wageni walikuwa wanaingia ukumbini saa kumi na moja.

"Nipe saa moja tu," akasema.

"Hapana."

"Basi niambie hakuna pini. Mara moja, Devota. Ya mwisho."

Nilitaka kumwambia. Ni maneno mawili tu, na mtu ninayempenda alikuwa ananisihi. Mungu anisamehe, mdomo wangu ulikuwa mzito kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino.

"Sijui, Salha," nikasema. "Huenda ipo."

Uso ulimshuka nikajiona mchawi. Nikaenda nyuma ya pazia nikavua dera langu, nikanyoosha mkono nje na kungoja. Sikumharakisha, ingawa mimi si mtu wa kungoja. Baada ya muda nikahisi kitambaa kimegusa vidole vyangu. Akaja mwenyewe kunifunga zipu, nikasikia pumzi yake shingoni.

"Na ikikuchoma?"

"Sijui."

"Mbele ya wakwe?"

"Sijui."

Akaifikisha zipu juu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Utanichukia?"

Hilo daktari hakunikataza kulijibu. Nikageuka. "Ikinichoma nitapiga yowe, nitakutukana wewe na cherehani yako mbele ya wakwe zangu wote, kisha utakaa meza ya mbele na utakula. Kwani mimi nakupendea magauni?"

Salha alikuwa hajawahi kuhudhuria sherehe yenye nguo aliyoishona yeye. Siku hiyo alikuja. Alikaa meza ya mbele, na kila nilipopita, nikicheza muziki au bila muziki, macho yake yalikuwa mgongoni kwangu, lakini hakuinuka na hakuuliza. Kwenye kulisha keki nilianza na wazazi, kisha nikamruka shangazi Loisi, ambaye amenuna mpaka leo, nikaenda kwa Salha. Nilipofika ndipo nikaona kwa nini sahani yake ilikuwa haijaguswa. Mikono alikuwa ameikalia, yote miwili, tangu nilipoingia ukumbini.

Nikamwambia afungue kinywa. Akafungua, nikamlisha kipande chote.