Sabuni ya Siku Tisa

Wanafunzi walimwita Tone Moja, na yeye alijua. Jina lilitokana na somo lake la vitendo, pale alipowasimamia mabegani wakidondosha dawa kutoka kwenye mrija wa kioo, akiwaonya kila mwaka kwa sauti ile ile: "Tone moja. Nimesema moja, sikusema mawili." Aliyedondosha mawili alianza upya. Wenye haraka walimchukia mpaka wakahitimu, kisha wakampigia simu kutoka makazini kumshukuru, naye akawakatiza kwa sababu simu zenyewe zilimkuta maabara.

Alikuwa mhadhiri wa kemia kwa miaka ishirini na mbili. Katika maisha yake hakuwahi kuuza kitu, hata kiti kibovu. Maabara yake ilikuwa chumba kirefu cha ghorofa ya chini, chenye meza za vigae vyeupe, mabomba sita ambayo mawili tu ndiyo yalitoa maji, na kabati la kioo ambalo ufunguo wake aliuvaa shingoni kama watu wanavyovaa cheni. Jumatano mchana alikuwa na saa nne za vitendo, na hizo alizipenda kuliko kitu kingine chochote pale chuoni. Mihadhara mtu angeweza kujisomea kitandani. Mkono wa kupima, hapana. Huo lazima mtu asimame nyuma yako akukere.

Ndipo ukaja waraka. Chuo kilikuwa kimeamua kwamba ujasiriamali ufundishwe ndani ya kila somo, kuanzia falsafa hadi ufugaji, kwa kuwa wahitimu walikuwa wakirudi na vyeti vyao kukaa sebuleni kwa wazazi. Wazo lenyewe halikuwa baya, na mwenye akili timamu hakulipinga. Ubaya ulijificha kwenye aya ya tano. Kila darasa litengeneze bidhaa, liuze angalau mia moja kwa watu wa nje, na ripoti ifike kwa mkuu wa kitivo wiki ya kumi na mbili. Darasa litakaloshindwa, saa zake za vitendo zitahamishiwa kitivo cha biashara. Mhadhiri wa ujenzi alisimama kikaoni akauliza kama na yeye atatakiwa kuuza madaraja mia moja. Aliambiwa asilete utani.

Tone Moja hakuuliza kitu. Katika waraka mzima alichosikia yeye ni kwamba Jumatano yake inaweza kuondoka.

Darasa lilichagua sabuni ya kipande. Ombi la mafuta na kostiki, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, lilipelekwa ofisi ya ununuzi wiki ya kwanza. Huko likapigwa danadana, likarudishwa kwa kukosa muhuri, likapotea, likaonekana chini ya birika la chai. Vitu vikafika wiki ya kumi. Wanafunzi wakachanganya, wakamimina kwenye fremu za mbao, wakakata vipande mia na ishirini vilivyolingana kwa uzito hadi gramu ya mwisho. Kisha wakabandika lebo, na lebo, kwa amri ya Tone Moja, ikafuata kanuni za maabara. Ilitaja kila kilichomo na kiasi chake. Chini yake, kwa herufi nyekundu, iliandikwa: "Vaa glavu. Ikigusa macho, osha kwa maji mengi kwa dakika kumi na tano na umwone daktari."

Siku ya nane tangu kuchanganya, darasa likaenda kuuza. Waligawanyika: wengine getini, wengine kando ya barabara inayokwenda sokoni. Jioni mwakilishi wa darasa, binti mrefu asiyejua kunong'ona, alirudi na boksi zito kama alivyoondoka nalo.

"Mwalimu, kuna mama kaniuliza, tunauza sabuni au tunauza ajali?"

"Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia ni sabuni. Halafu akaniuliza, nivae glavu ili ninawe mikono?"

Mlinzi wa getini alikuwa amechukua kipande kimoja kwa kuwaonea huruma. Jioni hiyo hiyo alikirudisha. Mke wake alikuwa amekuja kumletea chakula, na mke wake alijua kusoma.

Tone Moja alikaa kwenye stuli ya maabara akashika tama. Zilibaki siku sita. Alikuwa anamjua mtu mmoja tu duniani aliyeuza sabuni akaweza, na mtu huyo alikuwa dada yake.

Nyumbani kwao walizaliwa wasichana wawili, na uwezo wa kusomesha ulikuwa wa mmoja. Dada aliishia darasa la saba, akaanza kupika sabuni kwenye pipa nyuma ya nyumba, na mdogo akaendelea. Hilo halikuwahi kuwa ugomvi. Ugomvi ulikuja baadaye, miaka kumi na tisa iliyopita, mdogo alipokuwa mhadhiri mpya ambaye elimu ilikuwa bado inamwasha. Alipita kwenye kibanda cha dada yake sokoni akiwa na karatasi za kupimia ukali ndani ya mkoba. Akalowesha kipande, akagusisha karatasi, ikawa zambarau kama biringanya. Akasema palepale, mbele ya wateja wanne, kwa sauti ya darasani: "Dada, hii unachubua watu! Sabuni inatakiwa ikae wiki sita. Wewe unauza ingali mbichi!"

Wateja waliweka vipande chini, mmoja mmoja. Tangu siku hiyo walionana kwenye misiba, kwenye harusi na kitandani kwa mama yao alipougua, wakaongea habari za watoto na za magoti. Za sabuni, hata siku moja. Dada alipotembelea kwa mdogo wake alinawa kwa sabuni ya dukani iliyokuwa pale, akajifuta, akakaa mezani.

Kesho yake, Jumamosi, Tone Moja alipiga moyo konde akaenda sokoni na kipande kimoja cha darasa ndani ya mkoba. Kibanda kilikuwa kikubwa kuliko alivyokikumbuka. Nyuma ya meza palisimama rafu saba za mbao hadi darini, zimejaa sabuni. Wateja walikuwa watano, na dada yake, aproni ikiwa na matundu ya kuungua, alikuwa anawahudumia wote kwa mpigo.

"Wewe chukua ile ya kijani, ngozi yako kavu. Mama Mapacha, hujambo, mmoja bado anakohoa? Hee! Profesa. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, Dada." Hakuwa profesa, na dada yake alilijua hilo vizuri sana. "Nimekuja kuomba msaada."

Akaeleza yote, waraka, glavu, mlinzi, Jumatano. Alieleza kwa sauti ya chini, lakini wateja wa sokoni hawana sauti ya chini isiyowafikia. Mwisho akasema, "Nataka uje uwafundishe wanafunzi wangu namna ya kuuza."

Dada alikuwa anafunga vipande kwenye gazeti. Hakuacha kufunga. "Miaka kumi na tisa hujagusa kipande changu hata kimoja. Leo nikafundishe watu wako?"

"Dada, yale yalikuwa..."

"Unazo zile karatasi?"

Anazo. Hakuwahi kutembea bila hizo karatasi.

"Pima," dada alisema. "Hapa hapa. Na ukisema uongo kunipendeza, nitajua."

Wateja wakasogea. Tone Moja alijua kwamba karatasi ikigeuka zambarau atasema zambarau, na hapo atakuwa amempoteza dada yake moja kwa moja. Akachukua kipande kutoka rafu ya juu, akakilowesha, akagusisha. Wote wakainama. Karatasi ikageuka kijani chenye ubuluu, ikatulia hapo hapo.

"Ni nzuri," akasema. Akarudia kwa nguvu ili hata yule wa nyuma asikie. "Hii ni sabuni nzuri. Mtoto mchanga anaogea."

"Mimi wangu wanaogea tangu wazaliwe," alisema Mama Mapacha, kama mtu aliyepotezewa muda.

Hapo ndipo Tone Moja alipoziona tarehe. Kwenye ubao wa kila rafu kulikuwa na tarehe iliyokwaruzwa kwa msumari, na chini yake tarehe za zamani zilizofutwa kwa randa, tabaka juu ya tabaka, hata mbao zimebonyea katikati. Akahesabu kutoka tarehe ya kumimina ya rafu iliyokuwa inauzwa hadi siku hiyo. Wiki sita kamili.

"Lete ya kwenu," dada alisema. Akaichukua, akaivunja vipande viwili, na kabla mdogo wake hajamzuia akagusisha ncha ya ulimi katikati. Kwenye maabara yake mwanafunzi angefukuzwa kwa kitendo hicho. Dada akatema pembeni, akasukutua kwa maji.

"Inauma. Hii mmemimina lini?"

"Siku tisa."

Dada hakucheka. Hakumkumbusha lolote. Alimrudishia vipande viwili vikiwa vimefungwa kwenye gazeti na kusema, "Basi sina cha kuwafundisha. Mtu hafundishwi kuuza kitu ambacho bado." Kisha akamgeukia mteja aliyefuata.

Kilichomuuma Tone Moja ni kwamba alijua. Alijua tangu vitu vilipofika wiki ya kumi. Ile lebo nyekundu aliiandika kwa sababu alijua, akajidanganya kwamba onyo linatosha. Yeye, aliyemwaibisha dada yake mbele za watu, alikuwa amewatuma vijana arobaini barabarani na sabuni mbichi kwa sababu ya kuogopa kunyang'anywa Jumatano. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kabla ya kuondoka alinunua kipande kimoja cha dada, akapanga foleni kama wengine.

Jumatatu aliliambia darasa sababu ya kweli, bila kupaka rangi, pamoja na kosa lake mwenyewe na zile tarehe za rafuni kwa dada yake. Sabuni zote zikapangwa kwenye kabati la kioo. Mwakilishi wa darasa akachukua msumari, akakwaruza tarehe kwenye fremu ya mbao ya mlango wake, na Tone Moja, ambaye aliwahi kumtoza mtu faini kwa kuchora meza, akamwacha.

Mkuu wa kitivo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa fomu.

"Mmeuza vipande vingapi?"

"Hata kimoja."

"Mia na ishirini, hata kimoja?"

"Hazijakomaa. Zitakuwa tayari wiki ya kumi na sita."

"Muhula unaisha wiki ya kumi na nne, Daktari."

"Sabuni haikupewa nakala ya ratiba, Mkuu."

Mkuu alitabasamu, akaandika sifuri, na Jumatano ikaenda. Tone Moja aliingia choo cha walimu, akafunga mlango, akalia kama mtoto. Kisha akafungua mkoba, akatoa kipande cha dada yake, akanawa uso. Hakikumwasha hata machoni.

Wiki ya kumi na sita chuo kilikuwa likizo. Hakuna aliyetegemea alama, kwa hiyo waliokuja ni kumi na mmoja tu. Tone Moja akapima sabuni ya kila fremu, kisha wakabeba maboksi hadi kibandani. Dada akagusisha ulimi, akasema, "Haya. Sasa toeni huo upuuzi wa glavu." Akawafundisha kumuuliza mtu habari za ngozi yake kabla ya kumtajia bei, kumpa maji anawe palepale, na kumwambia sabuni imekaa siku ngapi hata asipouliza. Saa sita mchana maboksi yalikuwa matupu, na mwakilishi wa darasa alikuwa hana sauti, jambo ambalo wenzake walisema ni muujiza wa pili.

Ripoti iliyochelewa ilipelekwa hivyo hivyo. Bahati nzuri kitivo cha biashara kilikuwa kimeshaanza kulalamika, kwa kuwa walipewa maabara yenye asidi na hakuna mhadhiri wao aliyetaka kuingia. Mkuu akairudisha Jumatano kwa sharti moja, kwamba mtu wa kazi hiyo kutoka nje afundishe pamoja na mwenye somo. Akatoa fomu.

Dada aliijaza kibandani, kati ya mteja na mteja, akairudisha ina alama ya kidole chenye mafuta. Tone Moja aliisoma ofisini. Kazi: "Sabuni." Elimu: "Darasa la saba." Palikuwa na sehemu ya mwisho, ambayo watu wengi huiacha wazi: mafunzo mengine, taja mahali na mkufunzi. Dada alikuwa ameandika kwa herufi kubwa, za mtu asiyeandika mara kwa mara:

"Kwamba sabuni ikae wiki sita. Mahali: kibandani kwangu, mbele ya wateja. Mkufunzi: mdogo wangu."

Chini yake palikuwa na nafasi ya sahihi ya mhadhiri mwenyeji. Tone Moja alitafuta kalamu kwenye droo, juu ya meza na chini ya makaratasi, muda mrefu, kalamu ikiwa mkononi mwake.