Ethel Trinder na Kituo Kilichofutwa kwa Vidole

Huyu ni Ethel Maud Trinder, binti wa George Trinder aliyejenga kwa matofali handaki la kutoka Stroud Hill mpaka Coldbath na pumzi zake zikabaki humo, mjukuu wa Hepzibah Trinder aliyeuza mikunga ya kuchemsha, wale samaki warefu kama nyoka, mlangoni pa kituo cha Dabney Lane tangu siku kilipofunguliwa, na aliyemfukuza kwa upawa diwani aliyetaka kumhamisha. Ethel mwenyewe, wakati wa vita, alipokea watu mia nne waliokimbilia jukwaa la kituo hicho kila mabomu yalipoanguka London, na asubuhi aliwaamsha, akapiga deki, na treni ya kwanza ikakuta pakavu. Hakupewa nishani. Alipewa ndoo mpya.

Mimi nilitoboa tiketi mlangoni, yeye akafagia, miaka kumi na sita. Ninayoyaandika nimeyaona, na yale ambayo sikuyaona aliniambia Ethel, ambaye hakuwa na muda wa kutunga uongo.

Katika vyote alivyosafisha, alichokipenda zaidi ni ramani ya ukutani, pale chini ya ngazi. Wazee wenzangu wataikumbuka ramani ya zamani, njia zake zilivyokuwa zimelala ovyo kama tambi zilizomwagika. Halafu ikaja hii ya mistari iliyonyooka, kila njia na rangi yake, na vituo vimepangwa kama vifungo vya koti. Mtaani kwetu walinuna.

"Mto wameupiga pasi," alisema Bi. Crabbe, mjane aliyeishi juu kabisa ya kituo, chumba chake kikitikisika kila treni ikipita. "Na Coldbath wameisogeza. Nani kawapa ruhusa?"

"Bi. Crabbe," Ethel akamjibu, "ukiwa chini ya ardhi mto huuoni. Unataka kujua mambo mawili tu: unabadilisha wapi na unashuka wapi. Mengine ni pambo."

Lakini ramani ile ilikuwa na ugonjwa wake. Mtu akisimama mbele yake, kabla hajatafuta anakokwenda, huweka kidole pale alipo. Alipo anapajua. Ametoka kupita chini ya jina lenye herufi kubwa kama milango. Lakini kidole ataweka tu, na atakisugua kidogo, kama anayepapasa shavu la mtoto. Kioo cha ramani yetu kilivunjwa na bomu mwaka wa arobaini, na fomu ya kuomba kingine ilikuwa bado inasafiri kutoka meza moja kwenda nyingine. Kwa hiyo vidole vilikula karatasi. Kwanza jina la Dabney Lane likafifia. Likawa doa. Mwisho pakawa na tundu, ukichungulia unaona lipu.

Siku yake ya mapumziko Ethel akapanda treni kwenda kutazama ramani za wenzetu. Akarudi amekodoa macho.

"Queenie, mdogo wangu, hutaamini. Stroud Hill, sisi tupo, tena safi kama yai. Lakini Stroud Hill yenyewe haipo! Nimekwenda Coldbath, Coldbath haipo. Kumbe kila kituo kinajifuta chenyewe."

"Sasa da Ethel, ina ubaya gani? Watu si wanajua walipo?"

"Ngoja," akasema. "Ngoja ofisi kuu ya reli igundue."

Ofisi haikugundua kitu. Ilifanya vibaya zaidi. Mwezi wa tatu mwaka wa hamsini na moja ilituma barua kwa wakuu wote wa vituo: kila kituo kitume ramani yake ya ukutani ili mchoraji aitazame kabla ya kuchora mpya. Mkuu wetu, Bwana Orpwood, alikuwa mtu wa saa mbili, moja ya mkononi na moja ya mfukoni, akizilinganisha mchana kutwa. Barua ilifika pamoja na chai ya asubuhi. Kabla chai haijapoa alikuwa ameshabandua ramani.

"Mkuu, hiyo ina tundu," Ethel akasema.

"Trinder, barua inasema itumwe. Haisemi izibwe."

"Basi andika kikaratasi useme tundu ndiyo sisi."

"Fomu haina mahali pa kikaratasi."

Ramani yetu ikawa ya kwanza kufika. Vituo vingine vilichelewa wiki, vingine miezi, na mchoraji, alipoona ameshapata moja, hakuona sababu ya kungoja nyingine. Akainakili vile vile ilivyokuwa. Bwana Orpwood aliletewa barua ya shukrani kwa wepesi wake, akaitia fremu.

Mwezi wa tano ramani mpya ikaja, ikinukia wino mzuri. Bwana Orpwood akaibandika mwenyewe. Kati ya Stroud Hill na Coldbath palikuwa na mstari wa kijani, mnyoofu, hauna hata chunusi. Akaitazama ramani. Akatazama saa zote mbili.

"Labda tuko upande wa nyuma," akasema.

Mtu wa mbali atauliza: si treni bado zinasimama? Zilisimama. Milango ilifunguka. Ila hakushuka mtu. Kila behewa lilikuwa limebandikwa ramani mpya juu ya mlango, na watu wetu, jamani, watavumilia mabomu, mgao wa sukari na mvua ya miezi tisa, lakini hawatavumilia kuonekana wamekosea mbele ya behewa zima. Ukishuka mahali ambapo ramani haina kituo, wenzio watashusha magazeti wakutazame. Nani atake hayo? Wakapitiliza mpaka Coldbath, wakarudi kwa miguu na miavuli yao, dakika kumi na saba.

Siku moja nilimsikia Ethel akipiga kelele kwenye mlango wa treni.

"Bi. Crabbe! Shuka, mama, ni hapa!"

Bi. Crabbe akashusha gazeti kidogo. "Najua ni hapa, Ethel. Harufu ya deki yako naijua. Lakini itazame ramani mwenyewe."

"Achana na ramani! Umekaa hapa miaka sitini!"

"Ndiyo maana sitaki kuanza vituko uzeeni." Mlango ukajifunga.

Na waliokuja kupanda ndio walikuwa wa kusikitikia. Walisimama mbele ya ramani, kidole kimenyooka, kikitafuta pa kutua, kikirudi mfukoni. "Sasa naanzia wapi?" mwanamume mmoja akaniuliza. Nikamwambia anaanzia hapa hapa. Akaitazama tena ramani, akanishukuru, akaenda kupanda basi. Wiki ile tuliingiza watu watatu, na mmoja wao alitaka choo tu.

Bwana Orpwood akaiandikia ofisi barua. Jibu likaja: "Hatuna kituo cha jina hilo. Malalamiko tafadhali yapitie kwa mkuu wa kituo kilicho karibu nawe." Akaandika ya pili. Jibu la pili ndilo likatukata maini. Kwa kuwa hakuna abiria wanaoshuka kati ya Stroud Hill na Coldbath, kuanzia Ijumaa tarehe ishirini na tisa Juni treni hazitasimama hapo. Mimi na Bwana Orpwood tungehamishwa. Ethel hapana, maana walisema mfagiaji ni mali ya kituo, na kituo kisichokuwapo hakina mfagiaji wa kuhamisha. Hata hivyo, siku ya Jumatano, Bwana Tilling wa ofisi ya ramani angekuja kuhakikisha kwamba hatupo.

Ethel aliisoma barua ile mara mbili, akiwa ameegemea fagio. Baba yake alikuwa kwenye matofali yale. Hakulia. Alikwenda kupiga deki jukwaa lote, kutoka ncha mpaka ncha, na hakuna aliyekuwa amelikanyaga.

Jumatano saa nne asubuhi simu ikalia. Nikaipokea mimi.

"Hapa ni Tilling. Niko Stroud Hill. Nimeshapita mara mbili natafuta kituo chenu."

"Panda ngazi, bwana, utoke nje, fuata barabara. Dakika nne utatuona."

"Bibi, siwezi kuthibitisha kituo cha treni kwa miguu."

Ethel akavua aproni, akavaa kofia yake ya Jumapili, akaenda kumchukua. Kwa miguu, naam, dakika nne. Alimkuta na kofia nyeusi ya duara, mwavuli na mkoba, penseli nyekundu nyuma ya sikio. Wakapanda treni pamoja.

Mimi na Bwana Orpwood tulikuwa tumesimama jukwaani kama walinzi wa kasri. Treni ikaingia, mlango ukafunguka mbele yetu kabisa.

"Ndio hapa, bwana," Ethel akasema.

Bwana Tilling akatazama juu ya mlango. "Baada ya Stroud Hill ni Coldbath."

"Lakini jina si hilo hapo ukutani? Lina urefu wa futi sita!"

"Naliona. Huenda ni tangazo."

Mlango ukajifunga. Wakaenda Coldbath, wakageuza. Mara ya pili Ethel alimshika mkono, naye akautoa kwa adabu, akamwambia ana mke. Wakaenda Stroud Hill, wakageuza tena.

Mara ya tatu Ethel hakubishana. Alikuwa amekaa, mikono mapajani. Behewa lilijaa watu wetu, na Bi. Crabbe pale na kikapu chake. Mlango ukafunguka. Gadi kule nyuma akainua bendera, na hapo nikaona jambo ambalo sikutegemea kuliona nikiwa hai: Bwana Orpwood alinyoosha mkono kuizuia treni. Kisha akatia saa ya mfukoni mfukoni, na ile ya mkononi akaivutia mkono wa koti asiione.

"Bwana Tilling," Ethel akasema kwa sauti ndogo, "mimi mwanamke mfagiaji, nimezungushwa mpaka nimepotea. Hebu nionyeshe kwenye ramani. Tuko wapi?"

Hakufikiri. Hakuna anayefikiri. Kidole kilikwenda chenyewe, kikatua juu ya mstari wa kijani, katikati, kikasugua kidogo.

"Tuko hapa."

"Hapa panaitwaje?"

Bwana Tilling akakitazama kidole chake. Akatazama ukuta wetu, akarudi kwenye kidole. Gazeti moja likashuka, jingine likafuata.

"Nikikiondoa..." akaanza.

"Ukikiondoa, bwana, tutakuwa hatuko popote, na mimi ndoo yangu iko huko nje."

"Kijana, usikiondoe!" Bi. Crabbe akadakia. "Miguu imeniisha."

"Lakini hairuhusiwi kuandika kwenye ramani," akasema, jasho limeanza kumtoka chini ya kofia. "Inaandikwa na ofisi ya ramani peke yake."

"Na wewe unatoka ofisi gani?"

Hapo akafikiri. "Ya ramani," akasema.

Ethel akaichomoa ile penseli nyuma ya sikio lake, akamkabidhi. Mkono wa kulia haukuthubutu kutoka pale ulipo, kwa hiyo aliandika kwa kushoto, herufi zikiyumba kama zimelewa: DABNEY LANE. Akaweka na kijistari cha kituo.

Magazeti yakakunjwa. Watu kumi na mmoja wakasimama kwa pamoja. "Samahani." "Samahani, mpenzi." "Tangulia wewe." Wakashuka kama watu walioshuka pale jana na juzi. Bi. Crabbe alikuwa wa mwisho. Alisimama jukwaani akapanga kikapu chake.

"Dabney Lane, kumbe," akasema. "Nilikuwa nimeanza kuingiwa na wasiwasi."

Bwana Tilling alikuja kunywa chai kwetu, vikombe vitatu. Ile amri ya Ijumaa ikafutwa. Lakini mtambo wa kuchapa ulikuwa na foleni ya mwaka mzima, kwa hiyo alitia sahihi karatasi inayomruhusu E. M. Trinder, mfagiaji, kusahihisha ramani kwa mkono "kwa kuwa ndiye anayejua kituo kilipo". Mwaka ule Ethel alitembea njia nzima na kigoda na penseli nyekundu, behewa kwa behewa, kituo kwa kituo. Abiria waliinua miguu apite. Hakuna aliyemuuliza anafanya nini. Alikuwa na karatasi.

Ramani iliyochapwa upya ikaja, sisi tumo. Siku hiyo hiyo mtu wa kwanza akasimama mbele yake, akaweka kidole juu ya jina letu, akasugua. Ethel akamwona. Akangoja aondoke, akaenda kuchukua wino.

Tangu hapo ikawa kila Jumatatu, kabla ya kufungua lango, analipaka upya jina letu, miaka tisa bila kukosa, mafua au theluji. Wakubwa walipita wakalisoma, hakuna aliyejua ni mkono wa mtu.

Siku yake ya mwisho kazini, mwaka wa sitini na moja, walimpa saa ya mezani. Aliiacha juu ya meza, akanishika kiwiko, akanipeleka chini ya ngazi mbele ya ramani. Akanitia mkononi kichupa cha wino mweusi na brashi nyembamba iliyobakiwa na nywele chache.

"Kila Jumatatu, Queenie. Usikandamize, brashi ipite tu. Ile herufi a ya kwanza inawahi kufutika, maana ndipo vidole vya watoto vinapofika. Na usiwakataze watu kugusa, umenisikia? Waache waguse."

"Nimesikia, da Ethel."

"Na siku ofisi ikileta barua kwamba mtume ramani," akasema, huku akifunga vifungo vya koti, "wewe nenda kanywe chai yako kwanza. Inywe polepole. Wengine watangulie."