Mwisho Uko Kwenye Kopo

Mwanakhamisi wa Mwanjelwa anaweza kukuachia funguo za nyumba yake, hata masufuria ya shughuli, lakini kitabu kizima hakuachii. Akikukodisha riwaya, anachomoa kwanza kurasa za mwisho, anazifunga kwa uzi na kuzitia kwenye kopo la biskuti chini ya meza. Ukimaliza ulichopewa, unarudi na kitabu, unakaa kwenye benchi, unaletewa chai ya tangawizi na kurasa zako, unasoma mwisho hapohapo, mbele ya macho yake. Alianza mtindo huo baada ya kufiwa na mumewe, wateja walipodhani kitabu cha mjane ni sadaka. Watu walinung'unika, wakazoea.

Kuchagua nako huchagui wewe. Anakuhoji kama karani wa mahakama: umegombana na nani, unalala vizuri, mama mkwe bado yupo? Kisha anainuka na kitabu kimoja, na ubishi hataki.

Mwenye nafasi yake maalumu kwenye benchi alikuwa Halfani, mfanyabiashara wa mchele kutoka Chimala, mgane, mpole hadi anakera. Kila Alhamisi, akishashusha magunia sokoni, alikuja kusoma mwisho, na alisoma taratibu mno kwa mtu aliyebakiza kurasa chache. Siku hiyo Mwanakhamisi hujipaka wanja. Ukimuuliza, atakwambia ni dawa ya macho.

Basi ikaingia hiyo akili mnemba ya kwenye simu. Aliyeileta ni Jackline, muuza vocha wa kibanda cha pili. "Mama, unaiambia tu unachopenda, inakuchagulia kitabu. Ukikipiga picha, inakusomea kwa sauti."

Mwanakhamisi akabenua mdomo. Kuchagulia watu vitabu ni kazi yake. Nani kaiomba simu msaada? Lakini balaa halikuwa hapo. Balaa ni kwamba Isakwisa, fundi cherehani, aliiuliza simu riwaya aliyokodi inaishaje, simu ikamjibu bila kusita, naye akaona hana haja ya kurudi. Wengine wakamfuata. Vitabu vikabaki mitaani, kopo likajaa kurasa, na benchi likabaki na paka.

Vitabu vilimuuma, tusidanganyane. Ila kilichomnyima usingizi hasa ni Alhamisi. Halfani naye akinunua simu ya tachi, atakuja kwake kufuata nini? Chai? Chai hata Chimala ipo.

Akamwendea Jackline. "Hebu iulize hiyo simu yako." Akataja riwaya moja kuukuu aliyokuwa nayo mezani. Simu ikaeleza mwisho mtamu: daktari akamwoa muuguzi, mvua ikanyesha, kijiji kikashangilia. Mwanakhamisi alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Kitabu kile hakina daktari. Akaijaribu kwa vingine. Vile vinavyojulikana na kila mtu iliviweza vizuri, lakini hivi vyake vya kale, vilivyochapwa kidogo vikasahaulika, ilitunga tu, tena kwa uhakika wa mshenga.

"Haijui," akasema, "ila inaona aibu kunyamaza. Nina shemeji zangu wa hivyo."

Unadhani aliipiga marufuku? Thubutu! Alichukua kipande cha boksi akaandika: ULIZA SIMU KWANZA, HALAFU NJOO UONE. Wateja wakarudi mbio, Isakwisa mbele, kila mmoja na mwisho wake wa simu, wakaushindanisha na wa kwenye kopo, wakazozana, wakaomba chai nyingine. Jackline akawa anakuja na simu kuwasomea wale ambao macho yao hayataki tena maandishi madogo. Hilo Mwanakhamisi alilisifu, ingawa kwa kunong'ona.

Benchi likajaa, isipokuwa nafasi moja. Alhamisi ilipita Halfani hakuonekana, na iliyofuata vilevile.

Kitabu alichokuwa nacho kilihusu mjane muuza maandazi na jirani anayemzungukazunguka bila kusema neno. Mwanakhamisi ndiye aliyemchagulia, na hakukichagua kwa bahati mbaya. Sasa alijuta, akaona haya peke yake. Hakika mzee wa watu ameelewa, na amekimbia.

Alhamisi iliyofuata Halfani akatokea, amenyoa ndevu, amevaa kanzu ya Ijumaa. Akakaa kwenye nafasi yake. Mwanakhamisi akajikausha, akainama kutoa kurasa kwenye kopo.

"Usijisumbue, Bi Mwanakhamisi," akasema Halfani. "Mwisho nimeshaiuliza simu."

Mwanakhamisi akainuka na kurasa mkononi. "Imesemaje?"

"Imesema yule jirani alikuwa mwoga. Akapotea wiki mbili, anajizoeza maneno. Aliporudi mjane akamkubali, wakafungua duka Chimala."

"Chimala?"

"Ndivyo ilivyosema."

"Hebu niione hiyo simu."

Halfani akasita, akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitochi chake cha batani, kimefungwa mpira nyuma betri isidondoke. Simu ambayo kazi yake kubwa ni kumulika njia ya chooni. Isakwisa alisahau kikombe mdomoni.

Mwanakhamisi akakitazama kitochi. Akatazama kurasa mkononi mwake, ambamo mjane anapanda basi la Makongolosi peke yake na hageuki nyuma. Akazirudisha kwenye kopo, akakigonga kifuniko kwa ngumi.

"Iulize," akasema, "hilo duka linauza mchele au vitabu?"

Halfani akaweka kitochi sikioni, akasikiliza kwa makini, jasho likimtoka katikati ya baridi ya Juni.

"Inasema vyote viwili," akajibu. "Na inasema vitabu vya duka hilo vitakodishwa na mwisho wake."

"Hapo," akasema Mwanakhamisi, "imetunga."