Kijiko cha Jumamosi

Nikikuambia nilisoma chuo pale Shinyanga mjini, usiniulize nilimaliza lini. Nilisoma mwaka mmoja na vipande. Kozi ilikuwa ya kuchora ramani za majengo, na mimi mpaka leo nikichora dirisha watu wanauliza hili ni friji au jeneza. Lakini kula maisha nilikula, hilo hakuna wa kuninyang'anya. Kama wangekuwa wanatoa cheti cha kukaa banda la mpira, au cha kumjua mama gani wa chipsi anaweka mayai mawili kweli na yupi anakudanganya na moja, mimi saa hizi ningekuwa mkufunzi.

Tulipanga chumba wawili, mimi na mwenzangu wa darasani, kijana wa kijiji cha Samuye, mtoto wa mkulima mwenye ng'ombe wachache. Dirisha moja, magodoro mawili, meza moja. Meza ilikuwa yake. Mimi nilikuwa naitumia kunyooshea shati.

Huyu mwenzangu alikuwa na mkono. Sijui niseme vipi. Anashika penseli, anavuta mstari kutoka kona hii ya karatasi mpaka ile bila rula, halafu mkufunzi anakuja kupima na rula yake, anaguna, anaondoka. Baba yake alikuwa ameuza ng'ombe kumleta chuo. Na kulikuwa na mkandarasi pale mjini aliyeshaona michoro yake, akamwambia akifaulu mtihani wa vitendo aende ofisini kwake aanze kazi. Kwa hiyo yeye alikuwa anaishi kwa ajili ya mtihani ule. Mimi nilikuwa naishi kwa ajili ya Jumamosi.

Jumamosi zangu zilitoka kwa mjomba. Mjomba alikuwa na mwalo wa kuoshea dhahabu upande wa Runzewe, yeye na wabia wenzake. Pale mwaloni mawe yakishasagwa, ule mchanga unaoshwa, unachanganywa na zebaki, zebaki inakamata vumbi la dhahabu, unakamua kwenye kitambaa, unabaki na kidonge cheupe kinachong'aa. Ukikichoma, zebaki inaondoka na moshi, dhahabu inabaki. Sasa mjomba akikichoma pale mbele ya wabia lazima wagawane. Kwa hiyo kila wiki kidonge kimoja kilikuwa kinapotea kikiwa bado kibichi, kinapanda basi ndani ya kichupa cha dawa ya kikohozi, kinashuka Shinyanga mikononi mwangu. Kazi yangu ilikuwa kukichoma na kukipeleka kwa sonara. Mjomba anapata chake, na mimi napata cha kuvaa viatu vyeupe kwenye mji wa vumbi.

Tulikuwa tunachoma Jumamosi mchana, mama mwenye nyumba akiwa kwenye genge lake sokoni. Jiko la mkaa katikati ya chumba, mlango tumefunga, dirisha tumeziba na blanketi, maana wapangaji wenzetu walikuwa na macho marefu. Kijiko kilikuwa kile kile cha kukorogea chai. Tukimaliza tunakisugua na majivu, jioni kinarudi kwenye kikombe. Kule mwaloni nimeona watu wanachoma huku wanatafuna michembe ya viazi, nani angefikiria ubaya? Ila kule moshi ulikuwa unaondoka na upepo. Sisi upepo tulikuwa tumeufungia nje.

Mara ya kwanza nilishika kijiko mimi. Nikakiangusha kidonge kwenye mkaa, tukashinda tunachokora majivu kama kuku. Mwenzangu akacheka mpaka akakaa chini. Akasema lete, mkono wako wewe unafaa kusimamishia bodaboda tu. Akakishika juu ya moto, kijiko kikatulia kama kimepigiliwa msumari. Tangu siku hiyo kazi ikawa yake. Hakutaka kitu zaidi ya karatasi za kuchorea na kalamu za wino. Na mimi nikaona hakuna haja ya watu wawili kuungua na joto lile. Nawasha mkaa, navaa shati, naenda zangu kucheza puli karibu na stendi. Nikirudi jioni namkuta mezani anachora, dhahabu imefungwa kwenye kikaratasi juu ya mto wangu.

Tulienda hivyo zaidi ya mwaka. Zilikuwa siku tamu, siwezi kusema uongo. Nilikuwa najulikana mpaka na mbuzi wa mtaa ule.

Kwake ilianza na mdomo. Akawa anasema chakula chote kina ladha ya msumari. Nikamwambia hilo ni tatizo la ugali wake, siyo la mdomo. Halafu fizi zikavimba, akipiga mswaki anatema damu. Usingizi ukamkimbia. Akawa mtu wa hasira ndogo ndogo, halafu ana aibu, ukimwita darasani anashtuka kama umemfumania. Halafu ukaja mkono.

Siku niliyouona vizuri tulikuwa darasani, tunachora msingi wa nyumba. Mkufunzi amesimama nyuma yake kama kawaida ya kuja kushangaa. Mstari ukaondoka vizuri, ukafika katikati, ukaanza kuyumba. Akafuta. Akarudia, ukayumba tena. Darasa zima kimya. Mimi kimya huwa kinaniwasha, basi nikasema kwa sauti:

"Mwacheni jamani, gongo ya jana bado haijashuka."

Watu walicheka mpaka nje wakasikia. Mkufunzi mwenyewe alicheka. Mwenzangu naye alitabasamu, akaweka mkono chini ya meza. Nilijisikia bingwa. Nilirudi nyumbani siku ile naisimulia tena kwa wapangaji.

Kijana yule alikuwa hajawahi kuonja hata togwa iliyochacha. Lakini utani ukishatoka huwezi kuuita urudi. Wiki hiyo hiyo wenzetu wakaanza kumwita Gongo. Kila kikombe kikimtetemeka mkononi, wanapeana viwiko. Fizi zilikuwa zimeoza, mdomo unanuka, na mkufunzi alipomsogelea akaipata ile harufu, akaamua ameshajua. Akaitwa ofisini. Wakamwambia mlevi hapewi kalamu ya kuchora nyumba watakayolala watoto wa watu. Kama ni mgonjwa, alete karatasi ya daktari kabla ya mtihani wa vitendo. Asipoleta, jina lake linatolewa.

Zilikuwa zimebaki siku nne. Tukaenda hospitali pamoja, mimi ndiye niliyempeleka, nimempakiza bodaboda na kulipa nauli, najiona rafiki wa kweli. Daktari alikuwa mama mtu mzima, mpole. Tukamwamkia, akaitikia, akamwambia mwenzangu anyooshe mikono. Vidole vikacheza vyote kumi. Akaangalia fizi. Akaweka kalamu chini.

"Wanangu, kuna mmoja wenu anafanya kazi machimboni? Au mnachoma dhahabu mahali?"

 Mwenzangu aligeuza uso akaniangalia mimi. Hakuniangalia kwa ukali. Alikuwa anasubiri tu, maana kichupa kilikuwa cha mjomba wangu na siri ilikuwa yangu.

Nikamwona mjomba mbele ya wabia wake, na mapanga ya kule nayajua. Nikaona polisi, nikaona chuo, nikaona viatu vyangu vyeupe. Nikasema:

"Hapana, shangazi, sisi wanafunzi. Huyu ugonjwa wake ni kusoma sana. Mimi ambaye sisomi, niangalie nilivyo mzima."

Daktari akacheka kidogo. Akamwangalia tena mwenzangu, akamuuliza ni kweli? Mwenzangu akasema ni kweli. Akaandikiwa vitamini na dawa ya kusukutua. Karatasi ya kupeleka chuo ikasema tatizo la fizi. Mkufunzi akaisoma, akasema fizi hazishiki penseli.

Zilibaki siku tatu. Kichupa cha wiki ile kilifika. Nilikitupa chooni, nikamwambia mjomba kimeibiwa, akanitukana mpaka simu ikaisha chaji. Huo ndio ushujaa wangu wote.

Siku ya mtihani mwenzangu alifunga begi asubuhi, akaniaga, akaenda kupanda gari la Samuye. Mimi nikaingia ukumbini. Meza yake ilikuwa ya tatu kutoka dirishani, wameacha karatasi nyeupe juu yake, labda walisahau kuitoa. Nikaanza kuchora. Mkono wangu haukutetemeka hata kidogo. Haijawahi kutokea mikono imetulia namna ile na haina kazi yoyote. Nilichora kuta mbili, nikaangalia ile karatasi nyeupe, nikanyoosha mkono nikasema nataka kuongea na mkufunzi nje.

Nilimwambia yote. Kijiko, blanketi, kichupa, na ile gongo niliyoitunga mwenyewe darasani. Alisikiliza amekunja mikono. Alipoongea, alisema:

"Ungesema juzi."

 Alikuwa mtu mwenye haki, namwonea huruma mpaka leo, maana naye alikuwa amecheka. Akanirudisha mwenyewe kwa yule daktari. Yule mama hakunigombeza. Alieleza kwamba moshi wa zebaki kwenye chumba kilichofungwa unaingia na pumzi, unakaa mwilini, unashika mishipa. Mwenzangu aache kabisa kukaa karibu nao, apelekwe Mwanza akapimwe. Kuna wanaopona, kuna ambao mkono haurudi. Halafu akaniuliza mimi nilikuwa wapi wakati unachomwa. Nikamwambia nilikuwa nacheza puli.

Chuo kikaandika barua kwamba mwenzangu si mlevi, na akipona atafanya mtihani mwaka unaofuata. Mimi sikusubiri kufukuzwa, nilikusanya vitu vyangu, nikaomba barua ile niipeleke mwenyewe.

Samuye nilifika saa tano asubuhi. Baba yake alikuwa uani anakaza jembe kwenye mpini. Nikasema shikamoo baba, akasema marahaba, akauliza mimi ni nani. Nilipomwambia, akaacha jembe, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Wabeja," alisema, na akarudia kwa Kiswahili nisije nikawa sijaelewa. "Asante, mwanangu. Umekaa na mlevi chumba kimoja na hukumtupa."

Habari ya ulevi ilikuwa imefika kabla yangu, na mwanawe hakuikataa. Mama akatumwa kukamata kuku. Mwenzangu alitoka ndani, amekonda, mikono ameiweka kwapani kama mtu anayesikia baridi, na jua lilikuwa kali. Alinikaribisha kiti.

Nilitoa barua. Baba hakuwa na miwani, akaniambia nisome. Nikasoma mpaka mwisho, halafu nikaongeza yale ambayo hayakuandikwa. Mzee alikuwa anaangalia chini. Kuku alikuwa analia nyuma ya jiko, akanyamaza.

"Kwa hiyo hanywi," alisema.

"Hajawahi, baba."

Akamgeukia mwanawe, akamuuliza kitu kwa Kisukuma, taratibu. Mimi Kisukuma changu ni cha sokoni, lakini hilo nililielewa: kwa nini hukusema? Mwenzangu akamjibu kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie.

"Ningesema, wangemfukuza yeye."

Hapo nilikuwa na mizaha mitatu mdomoni, ndivyo nilivyoumbwa, huwa inakuja yenyewe. Niliimeza yote.

Nilitaka kuondoka, mzee akasema kuku ameshachinjwa. Tukanawa, tukakaa watatu kwenye mkeka, ugali katikati. Bakuli la nyama lilikuja na firigisi juu, imegeuzwa upande wangu, mama alikuwa ameiweka tangu nilipokuwa bado mgeni wa heshima. Hakuna aliyemwambia abadilishe. Mzee aliiangalia. Akaichukua, akaiweka upande wa mwanawe, akaanza kumega ugali.

Mwenzangu alinyoosha mkono wa kulia kuichukua, ikamponyoka, ikaanguka kwenye mkeka. Akanyoosha tena, ikamponyoka tena. Baba yake hakumsaidia, na mimi sikuthubutu kugusa. Akaleta na mkono wa kushoto, akaishika kwa yote miwili, akainama nayo mpaka mdomoni, akatafuna.