Bwana sindano wa Nengo na miguu ya Mama

Leo nimemtoa Mama mikononi mwa bwana sindano hapa kwetu Nengo, na sijutii.

Dawa za saratani alizotundikiwa Dar, kabla hatujarudi nyumbani, zilimponya. Lakini ziliharibu mishipa ya fahamu. Nyayo zimekufa ganzi, anatembea akishika kuta.

Tukasikia kuna bwana katoka Goma, anatibu kwa sindano za Kichina. Nilimweleza mlangoni kabisa kwamba miguu haisikii kitu. Akaitikia "oui, oui" huku akitazama koti lake jeupe.

Akachoma nyayo zote mbili.

"Bon, Mama, unasikia maumivu?"

"Hapana."

"Unaona? Mukono yangu iko mwepesi. Dawa imeanza kazi."

Yaani ugonjwa wa mtu kaugeuza sifa yake.

Akazichomoa sindano, akasema nimvalishe Mama viatu. Nikakuta sindano moja bado imesimama kisiginoni. Angeikanyaga mpaka nyumbani bila kujua.

Nilipoichomoa, Mama aliichukua, akamnyooshea yule bwana.

"Jichome, mwanangu, kisha unieleze inavyouma. Mimi nimesahau."

Hakujichoma. Alisema tumrudishe wiki ijayo.

Nyie mngemjibu nini mtu kama huyo?